Kushtakiwa kwa kuendesha gari ukiwa umelewa England na Wales: hatua, gharama na makosa yanayoumiza

Anayekamatwa na pombe akiwa kwenye usukani huulizia faini kwanza. Faini ndiyo nyepesi kuliko yote. Kinachomaliza mfuko ni leseni kufungiwa, bima ya miaka inayofuata, na kazi isiyofanyika bila gari. Kwa mwenye viza ya kazi, hata ukaaji wake nchini unaingia mashakani. Mengi ya hayo huamuliwa katika nafasi tatu fupi: dakika chache mbele ya mashine kituoni, asubuhi moja mahakamani, na jioni unapojaza fomu ya bima. Yafuatayo ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, na kiwango cha Scotland ni cha chini zaidi.

Jua unashtakiwa kwa kosa gani

Kiwango cha kisheria ni mikrogramu 35 za pombe kwa kila mililita 100 za pumzi. Kwa damu ni miligramu 80, kwa mkojo 107. Kwa desturi polisi hawashtaki mpaka pumzi isome 40, ili kuachia mashine nafasi ya kukosea. Hiyo ni hisani yao, si haki yako.

Angalia kosa lililotajwa kwenye karatasi ya mashtaka. Ukihukumiwa, huandikwa kwenye rekodi ya leseni kwa msimbo wa herufi na namba. DR10 ni kuendesha ukiwa umepita kiwango. DR20 ni kuendesha huku pombe imekuondolea uwezo wa kulimudu gari, hata kama namba haikufika 35. DR30 ni kuendesha kisha ukashindwa au ukakataa kutoa kipimo. Kwa yote matatu leseni hufungwa miezi 12 au zaidi, na hakimu anaweza kutoza faini isiyo na ukomo na kifungo cha hadi miezi 6. Ikitokea mtu amekufa, kesi inahama kabisa kutoka mwongozo huu: tangu Juni 2022 adhabu ya juu ni kifungo cha maisha.

Ya nne, DR40, huwakuta wasioitarajia. Umetoka kwenye sherehe, umeamua kwa busara kutoendesha, ukalala kiti cha nyuma ufunguo ukiwa mfukoni. Bado gari liko mikononi mwako. Adhabu ni pointi 10 za makosa kwenye leseni au kufungiwa leseni, na kifungo hakizidi miezi 3. Utetezi upo: uthibitishe kwamba hapakuwa na uwezekano wa kuendesha wakati pombe bado imezidi mwilini. Kwa hiyo teksi uliyokwisha kuagiza, au ujumbe wa simu kwamba ndugu yako anakuja kukuchukua, ni ushahidi, usiufute. Na kama leseni yako ya Uingereza haijatimiza miaka 2, hizo pointi 10 zinatosha kuifuta, nawe utaanza upya na leseni ya mwanafunzi.

Kuhusu asubuhi ya pili: uniti moja ni mililita 10 za pombe halisi, na mwili huondoa takriban uniti moja kwa saa. Chupa ya Guinness Foreign Extra ya mililita 330 yenye asilimia 7.5 ina karibu uniti 2.5. Chupa nne ni uniti 10. Ukiweka chini ya mwisho saa 7 usiku, kwa hesabu ya tahadhari usiguse ufunguo kabla ya saa 5 asubuhi. Mwenye zamu ya saa 1 Jumapili ameshapoteza hesabu hiyo kabla hajalala. Kahawa, supu na kuoga maji baridi havipunguzi hata uniti moja.

Barabarani, kisha kituoni

Kifaa cha mkononi cha barabarani ni cha kuchuja tu: humwambia askari kama ana sababu ya kukukamata. Kukikataa bila sababu ya msingi ni kosa lenye pointi 4, na bado utapelekwa kituoni.

Kipimo kinachofika mahakamani ni cha mashine kubwa ya kituoni. Unapuliza mara mbili, na namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo inayotumika. Puliza kwa nguvu ya kadiri, bila kukatisha, mpaka uambiwe uache. Wanaovuta pumzi fupi fupi wakidhani wanaidanganya mashine huishia na DR30, kwa sababu mashine hungoja muda wake tu kisha hufunga. Kama una pumu au tatizo lolote la kifua, sema hapo hapo unapoulizwa, kabla ya kupuliza. Askari anaweza kuhamia damu au mkojo. Ukilitaja kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, wachache watakuamini.

Damu ikichukuliwa, hugawanywa mara mbili. Omba sehemu yako, iweke kwenye friji, na ipeleke haraka kwenye maabara huru. Ikikaa wiki mbili kwenye begi haina tena maana.

Sasa kosa linaloumiza kuliko mengine yote. Kituoni una haki ya wakili bure, mara nyingi kwa simu katika kesi za aina hii. Lakini huna haki ya kuchelewesha kipimo ili kumsubiri. Mtu anayesema, “Sipulizi mpaka wakili wangu aje,” hudhani anajilinda, kumbe amejitengenezea shitaka la kukataa. Omba wakili, na wakikwambia puliza, puliza. Anayekataa kwa makusudi mara nyingi hufungiwa leseni muda mrefu kuliko yule aliyesoma 45, na zaidi ya hapo huwekwa kwenye kundi la madereva wa hatari kubwa, ambalo tutalifikia.

Mkalimani wa Kiswahili ni bure, kituoni na mahakamani. Askari analazimika kukuonya kwamba kutotoa kipimo kunaweza kukufikisha mahakamani. Kama hukuelewa onyo hilo, sema hukuelewa. Kuitikia “yes, yes” kwa adabu ya nyumbani kumewaponza wengi.

Gari, likivutwa, lina gharama yake. Kiwango kilichowekwa kwa gari dogo lililosimama wima barabarani na halijaharibika ni pauni 192 kulivuta na pauni 26 kwa kila siku ya kulihifadhi. Siku 5 ni pauni 322. Mtume upesi mtu mwenye leseni, bima inayomruhusu kuliendesha, na barua yako ya idhini.

Kati ya kituo na mahakama

Kama ni pumzi, kawaida unashtakiwa siku hiyo hiyo mashine ikishasema, unapewa dhamana na tarehe ya Mahakama ya Mahakimu. Usipofika, ni kosa jingine na hati ya kukukamata inatolewa. Kama ni damu, unaachiwa ukisubiri maabara, kisha wito huja kwa posta. Anayehama chumba cha kupanga kila miezi michache asiache kuwapa polisi anwani mpya: wito ukienda nyumba ya zamani, kesi itaendelea bila wewe.

Katika siku hizo andaa vitu vinne. Payslip za miezi 3. Fomu MC100 ya mapato na matumizi, ambayo mahakama hutoa. Barua ya mwajiri au ya kiongozi wako wa dini, ikieleza tabia na majukumu yako kwa ukweli. Na mkataba wako wa kazi, usome kifungu cha leseni kabla hujazungumza na meneja.

Kama gari ni la mkopo, marejesho yanaendelea hata likikaa tu uani. Sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 inakuruhusu kurudisha gari la HP au PCP (mikopo ambayo gari si lako mpaka umalize kulipa) ukishalipa nusu ya jumla ya deni lote, au ukilipa upungufu wa kufikia nusu hiyo. Piga hesabu hiyo sasa, usingoje miezi 4 ya malimbikizo.

Mahakamani

Usiende na gari. Leseni ikifungwa, inafungwa dakika ile hakimu anapotamka, na gari lililoachwa kwenye maegesho ya mahakama huwa mtego: kuliendesha kurudi nyumbani ni kuendesha ukiwa umefungiwa, kosa lenye kifungo cha hadi miezi 6.

Fika mapema, kabla ya kikao kuanza, ukamtafute wakili wa zamu. Ni bure siku ya kwanza kwa kosa ambalo mtu anaweza kufungwa nalo, na hili ni mojawapo. Mpe karatasi ya mashine na payslip zako.

Ukikiri siku ya kwanza, faini inapunguzwa theluthi moja. Punguzo hushuka kadiri unavyochelewa, mpaka sehemu moja ya kumi siku ya kusikilizwa. Halipunguzi muda wa kufungiwa leseni. Kwa hiyo kukana “nione itakuwaje” kuna bei, ilhali kukana kwa sababu halisi, kama utaratibu wa kituoni kuvunjwa, kunastahili wakili wa kweli.

Mwongozo wa mahakimu kwa pumzi ni huu: 36 hadi 59, faini na kufungiwa miezi 12 hadi 16; 60 hadi 89, faini na miezi 17 hadi 22; 90 hadi 119, adhabu ya kijamii, kama kazi bila malipo, na miezi 23 hadi 28; kuanzia 120 mlango wa jela uko wazi, na leseni miezi 29 hadi 36. Kosa la pili ndani ya miaka 10 halishuki chini ya miaka 3 ya kufungiwa.

Tumchukue mhudumu wa wazee anayepokea pauni 420 kwa wiki baada ya kodi, mashine imesoma 58, amekiri siku ya kwanza. Kianzio cha faini ni asilimia 150 ya mapato ya wiki: pauni 630. Toa theluthi: 420. Tozo ya waathirika ni asilimia 40 ya faini: 168. Gharama za mwendesha mashtaka anapokiri mapema kwa kawaida ni 85. Jumla pauni 673, na anaweza kuomba alipe kwa awamu. Kama hakuleta uthibitisho wa mapato, mahakama inaweza kukadiria pauni 440 kwa wiki. Anayepata 300 atakuwa amejipandishia faini kwa kuacha karatasi nyumbani.

Wengi husimama na kusema, “Mheshimiwa, nikifungiwa leseni nitapoteza kazi na watoto wananitegemea.” Kwa kosa hili hoja hiyo haizuii kufungiwa. Ugumu wa maisha husikilizwa kwa dereva aliyejaza pointi 12 za mwendo kasi na mfano wake. Hapa kinachoweza kuokoa leseni ni sababu maalumu zinazohusu tukio lenyewe: kinywaji kilichotiwa pombe kali bila wewe kujua, gari kusogezwa mita chache tu, au dharura ya kweli ya kuokoa maisha. Zinahitaji ushahidi, na ile ya kinywaji kutiwa pombe inahitaji pia mtaalamu wa kukokotoa kwamba bila nyongeza hiyo ungekuwa chini ya 35.

Neno moja la kusema kabla hujashuka kizimbani

Ukifungiwa miezi 12 au zaidi, mahakama inaweza kukupa nafasi ya kozi ya madereva waliokunywa. Uamuzi ni hapo hapo. Ukikataa, huwezi kurudi baada ya wiki mbili kubadili nia. Kama hakimu hajaitaja, mwambie wakili aulize. Kozi hugharimu hadi pauni 250 na hupunguza hadi robo ya muda: miezi 12 inakuwa 9, 16 inakuwa 12. Imalize angalau miezi 2 kabla ya tarehe hiyo mpya. Wanaosogeza mbele wakisubiri mshahara ujao hujikuta nafasi zimejaa, tarehe imepita, na wametumikia muda wote.

Kwa mtu wa mfano wetu, akifungiwa miezi 16, miezi 4 ya kuweza kuendesha kwa pauni 250 ndiyo biashara bora katika kesi nzima.

Kazi, cheti cha tabia na viza

Kwa kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, leseni ni chombo cha kazi. Zungumza na mwajiri kabla hajasikia kwingine, na uende na pendekezo mkononi: zamu za nyumba ya wazee, kutembea jozi na mwenzako mwenye gari, au njia inayofikika kwa basi. Mwajiri anayekudhamini viza akikuachisha lazima aiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani (Home Office), na kwa kawaida viza hupunguzwa kufikia siku 60. Huo ni muda mfupi wa kupata mdhamini mwingine huku DR10 ikiwa mpya.

Muuguzi au mkunga: kanuni za NMC, baraza la wauguzi na wakunga, zinataka uwaarifu wao na mwajiri mapema iwezekanavyo, tangu unaposhtakiwa, si baada ya hukumu tu. Kunyamaza hugeuza kosa la barabarani kuwa swali la uaminifu, na hilo ndilo baraza hulichukulia kwa uzito mkubwa zaidi. Dereva wa teksi: viwango vya serikali vya 2020 vinazitaka halmashauri zisitoe leseni ya teksi mpaka ipite miaka 7 tangu kumalizika kwa adhabu au kufungiwa. Kwa wengi huo ndio mwisho wa kazi hiyo.

Kwenye ukaguzi wa msingi (basic) wa DBS, ofisi inayotoa vyeti vya rekodi za makosa, hukumu iliyoandikwa kwenye leseni ya mtu mzima huhesabika imekwisha baada ya miaka 5. Ukaguzi wa kina (enhanced) unaotakiwa kwa kazi za kea na hospitali huiona kwa miaka 11, kama adhabu haikuwa kifungo.

Lakini mambo ya uhamiaji hayatambui kwamba hukumu “imekwisha”. Kila fomu ya viza, makazi ya kudumu au uraia inapouliza kuhusu hukumu, itaje, hata kama ilikuwa faini tu na ulishalipa. Kosa moja linaweza kupimwa pamoja na mengine mema. Kulificha ni udanganyifu, na udanganyifu ndio unaozaa marufuku ya miaka. Kama uko karibu kuomba makazi ya kudumu, mlipe wakili wa uhamiaji kwa saa moja kabla ya kutuma.

Na leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda? Mkaazi mpya anaruhusiwa kuitumia miezi 12 hapa. Mahakama ikikufungia, umefungiwa wewe, si kile kipande cha plastiki. Kutoa leseni ya nyumbani ukisimamishwa hakusaidii kitu. Utakuwa umekamatwa ukiendesha ukiwa umefungiwa, na bima haipo.

Bima

Kama ulisababisha ajali, kampuni itamlipa uliyemgonga, kisha inaweza kukudai wewe. Mikataba mingi haitengenezi gari la mwenyewe aliyekuwa amelewa. Soma ukurasa wa vitu visivyolipiwa.

Leseni ikishafungwa, amua kuhusu bima iliyopo. Ni afadhali uisitishe mwenyewe kuliko kusubiri kampuni ikufutie, kwa sababu fomu za baadaye huuliza, “Je, umewahi kufutiwa bima?” na jibu la ndiyo hupandisha bei peke yake. Lakini gari lisilo na bima haliruhusiwi kukaa hata limezimwa barabarani. Liweke kwenye uwanja wa binafsi na uitangazie DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari, kwamba halitumiki, kwa utaratibu wa SORN. Ni bure mtandaoni.

DR10 hukaa kwenye rekodi ya leseni miaka 11, ila kampuni nyingi huuliza ya miaka 5 iliyopita. Jaza tarehe ya hukumu, msimbo na miezi uliyofungiwa kama ilivyo kwenye rekodi. Kampuni huweza kuikagua kwa namba ya leseni. Ukiandika hapana, unalipa kila mwezi bima ambayo siku ya ajali itafutwa. Tafuta madalali wanaoshughulika na madereva waliofungiwa, chagua gari lenye injini ndogo, kubali kisanduku cha kufuatilia mwendo, na usimweke ndugu kuwa dereva mkuu wakati gari ni lako. Ujanja huo kampuni zinaujua kwa jina.

Kurudisha leseni

Ukifungiwa siku 56 au zaidi leseni yako inafutika, na lazima uombe mpya. DVLA hutuma fomu D27 siku 56 kabla ya mwisho. Ada ni pauni 65. Hakikisha anwani yako kwao ni ya sasa.

Kundi la hatari kubwa ni jingine. Unaingizwa humo pumzi ikisoma 87.5 au zaidi, damu 200 au zaidi, ukikataa kipimo, au ukihukumiwa mara mbili ndani ya miaka 10. Hapo fomu huja siku 90 kabla, ada ni pauni 90, na unalipia uchunguzi wa daktari wenye kipimo cha damu kinachoonyesha unywaji wa wiki zilizopita. Anayejizuia siku tatu kabla ya kupimwa hujidanganya. Damu inahifadhi zaidi ya hapo. Watu wa kundi hili hawaruhusiwi kushika usukani tarehe ya mwisho ikifika, bali leseni inapokuwa mkononi. Daktari akichelewa, au fomu ikirudishwa kwa sababu saini imesahaulika ukurasa wa pili, miezi inaongezeka bila hakimu yeyote kuiongeza.